Mahame ya Bonde la Rufiji

Wazee wetu walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Usemi huu wawafaa sana walimu na wanafunzi wanaofunga safari kwenda kutazama mahali pa sifa katika nchi yetu. Lakini kuokota nako kuna namna mbili. Yuko anayeokota picha na kurudi nazo nyumbani, na yuko anayeokota maana. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi bonde la mto Rufiji linavyoweza kutembelewa kwa namna hiyo ya pili.

Rufiji huanza pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana. Kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu, hupenya katika korongo la mawe, na baada ya hapo hutanda katika uwanda mpana hadi kufikia mikoko ya delta na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Mto huu pamoja na mito inayouingia hukusanya maji ya karibu sehemu moja kati ya tano za ardhi ya nchi yetu.

Mgeni afikaye huko huambiwa kwamba kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni wanyama wa porini. La pili ni mabaki ya vita vya Wazungu, yaani kaburi la mwindaji na habari za manowari iliyozama. La tatu, ambalo mara nyingi hutajwa mwisho au halitajwi kabisa, ni mahali pa ibada pa wazee wetu. Mambo haya husimuliwa kana kwamba kila moja lina historia yake. Sisi twaona kwamba historia yake ni moja, na kwamba asiyeanza na lile la tatu hawezi kuyaelewa yale mawili.

Basi na tuanze na ibada. Kusini mwa mto, kuelekea upande wa magharibi, kuna kijiji kiitwacho Ngarambe. Zamani msafiri atokaye Dar es Salaam alingoja kivuko pale Ndundu. Tangu mwaka 2003 avuka kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Ngarambe ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale. Yasimuliwa kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa hadi ndani ya kidimbwi cha maji, na siku ya pili akatoka akiwa mzima, na nguo zake zikiwa kavu. Tangu hapo akaanza kuwatangazia watu habari za maji yenye dawa. Akajengewa nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-nungu, maana yake nyumba ya Mungu.

Wasomaji wetu huenda wakauliza kama nyumba ya miti na nyasi yastahili kuitwa hekalu. Tukilitaja neno hilo, wengi wetu hufikiri juu ya nguzo za mawe za Misri au za Uyunani. Lakini hekalu halifanywi na mawe. Hekalu hufanywa na watu wanaotoka mbali na kukubali taabu ya njia kwa sababu wanaamini kwamba mwisho wa njia hiyo watapata jibu la shida yao. Kwa kipimo hicho Kijumba-nungu ilikuwa hekalu kamili. Watu walikwenda huko makundi kwa makundi, kutoka Umatumbi, kutoka Ukichi, kutoka kandokando ya Rufiji yenyewe, na wengine kutoka mbali zaidi. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja.

Shida yao ilijulikana. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilikuwa imewalazimisha wananchi wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Mkulima aliacha shamba lake la chakula likimezwa na magugu ili akapalilie pamba ya mtu mwingine, na malipo yake yalikuwa senti chache pamoja na viboko. Habari za Ngarambe zilipita kutoka sikio hadi sikio, kwa siri, na Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Waliopokea maji walifundishwa pia kwata ya kivita iliyoitwa likinda. Kwa hiyo ibada, habari na mazoezi ya askari vilikwenda pamoja.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba. Kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo la vita. Mwezi uliofuata, Kinjikitile alinyongwa na Wadachi pale Mohoro, lakini vita vilikuwa vimekwisha kutapakaa, navyo viliendelea hadi mwaka 1907 na kufika Ungoni, Mahenge na kwingineko.

Tuseme kweli: maji hayakuzuia risasi. Mashujaa wengi walianguka mbele ya bunduki za mzinga, na hatuna haja ya kuficha jambo hilo ili kuwatukuza. Lakini mwenye kuishia hapo na kucheka hajaelewa. Maji yaliwafanya watu waliokuwa wakitazamana kwa wasiwasi wajione kuwa ni watu wamoja wenye adui mmoja. Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kuzuia risasi, na lilitendeka.

Gavana Gustav Adolf von Götzen alikiona chanzo cha nguvu hiyo, naye akaamua kuipiga tumboni. Majeshi yake yalichoma vijiji, yakateketeza mazao mashambani na kutwaa chakula kilichokuwa ghalani. Njaa ilimaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Hesabu za Wadachi wenyewe zilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofanya uchunguzi baadaye walikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hesabu yoyote tuishikayo, jibu lake kwa ardhi ni lile lile: mashamba yaliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mahali palipokuwa na moshi wa majiko pakawa malisho ya wanyama.

Hapa ndipo hadithi ya ibada inapoungana na hadithi ya wanyama. Tangu mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alikuwa amekwisha kutenga eneo la hifadhi ya wanyama upande wa Rufiji. Mwaka 1922, chini ya Waingereza, eneo hilo lilipewa jina la Selous. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya wananchi wa Liwale, wengi wao Wangindo, kwa sababu iliyotajwa kuwa ugonjwa wa malale, na mipaka ya hifadhi ikasukumwa mbele hadi ikafikia ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000. Wageni walioingia humo baadaye walistaajabu, wakasema wameona Afrika ya asili ambayo mkono wa mtu haujaigusa. La hasha! Mkono wa mtu uliigusa, ukalima, ukafua chuma, ukazika wazee wake humo. Mkulima wa kwetu aonapo mwembe mkubwa katikati ya pori hasemi kwamba Mungu ameuotesha peke yake. Hujua kwamba hapo ni mahame.

Sasa tutazame yale mabaki ya vita vya Wazungu. Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza mwenye umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi huko Behobeho tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wadachi. Alizikwa papo hapo, na kaburi lake lina jiwe na jina. Huko chini kwenye delta, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katikati ya mikoko hadi ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa ikatumika nchi kavu, na mmoja wao umewekwa katika Ngome ya Yesu huko Mombasa. Mambo haya ni ya kweli, na yafaa kujulikana. Lakini katika vita hivyo hivyo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwindaji ana kaburi, mzinga una mahali pake, mpagazi hana hata mti uliotiwa alama. Mwalimu asimamaye na wanafunzi wake pale Behobeho na awaulize: ni nani aliyeubeba mzigo wa marehemu huyu?

Hatusemi haya ili kuwadharau wanyama. Wanyama wa Rufiji ni hazina kubwa. Viboko na mamba wa mtoni, mbwa mwitu wa nyikani, na tembo washukao kunywa maji katika maziwa ya Tagalala na Manze ni urithi ambao haununuliki ukishapotea. Na karibu upotee: mwaka 1976 tembo wa eneo hili walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000, lakini mwaka 2013 walibaki kama 13,000 tu kwa sababu ya majangili. Pori la Selous lililokuwa limeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, likaingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Jina la mwindaji likampisha mlezi wa taifa. Aidha, wanakijiji wa Ngarambe pamoja na jirani zao wa Tapika walitenga sehemu ya ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Tazama mzunguko wa historia: kijiji kilichotoa maji ya vita kimekuwa mlinzi wa pori lililozaliwa na vita.

Wala kuhama hakukwisha na ukoloni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa watu bondeni na kuwapeleka nyanda za juu, ili wawe salama na wapate shule na zahanati. Hata hivyo wakulima waliendelea kurudi mashambani na kulala katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kwa kuwa rutuba yao ililetwa na mafuriko yale yale yaliyowafukuza. Na katika korongo la Stiegler, bwawa la umeme lililopewa pia jina la Mwalimu lilianza kujengwa mwaka 2019. Maji yalianza kuzuiwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukatoa umeme mwaka 2024. Nuru hiyo yahitajika na taifa zima. Lakini kila maji yapandapo nyuma ya ukuta, huwa yamefunika ardhi yenye kumbukumbu, na ni wajibu wetu kuziandika kumbukumbu hizo.

Hapa hatuna budi kukiri upungufu wetu wenyewe. Tulipokuwa katika shule ya sekondari, katika miaka ya 1980, tulifundishwa Vita vya Maji Maji kama orodha: sababu tano za kuzuka, sababu tano za kushindwa. Tuliandika bila kusita kwamba imani katika maji ilikuwa mojawapo ya udhaifu, na tukapata alama nzuri. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuionyesha Ngarambe katika ramani, na hatukuona aibu. Baadaye, tulipoanza kushika kalamu ya mashairi, ndipo tulipotambua kwamba waliotutangulia walikwisha kuona uzito wa jambo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini aliitungia vita hiyo utenzi uliochapishwa mwaka 1933, na Ebrahim Hussein aliandika mchezo wa kuigiza *Kinjikitile* mwaka 1969.

Yako mfano mwingine ambao wanafunzi wetu wanaweza kuufuata mara moja. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini na kuwasikiliza wazee waliokumbuka vita, wakayaandika maneno yao. Mengi tunayoyajua leo kuhusu Maji Maji tunayajua kwa sababu ya vijana hao. Wazee wale wamekwisha kutuaga, lakini wajukuu wao wapo, na majina ya vijito, vilima na mahame wanayajua. Daftari na penseli havina gharama kubwa.

Kwa hiyo, mwalimu upangaye ziara ya Rufiji, usiwakataze vijana kushangilia tembo. Waache washangilie. Lakini kabla ya kuingia hifadhini wapeleke Ngarambe, wawasikilize wenyeji, wajue kwamba hapo palikuwa na nyumba ambayo watu waliiendea kwa miguu kutafuta ukombozi. Wakiisha kujua hayo, watakapoingia porini hawatauona ukimya wake kuwa ni ukimya wa nchi isiyo na wenyewe. Watajua kwamba wanatembea katika mji wa babu zao, na watakanyaga kwa adabu.