Maduka ya Vitu vya Kale Mji Mkongwe: Mali Imebaki, Wenyewe Wako Wapi?

Ukiizunguka Ngome Kongwe ya Unguja kwa nyuma unaingia Mtaa wa Gizenga. Siku hizi mtaa huo umejaa vinyago, picha za tingatinga na viungo vilivyofungwa kwa ajili ya watalii. Lakini ukienda bila haraka, ukakata kona kuelekea Hurumzi, utayakuta maduka machache ya aina nyingine. Ndani kuna kiza kidogo na vitu vimepangwa hadi mlangoni: makasha ya njumu, madele ya kahawa, mirashi, vyetezo, fanusi, saa za ukuta zilizosimama, na picha za harusi ambazo hakuna anayewajua maharusi wake. Mgeni huona mapambo. Mtu wa mjini anajua kwamba kila kilichomo humo kiliwahi kuwa chumbani kwa mtu.

Maduka haya hayakuzaliwa na mapenzi ya ukale. Yalizaliwa na kuondoka kwa watu na kupungukiwa kwa watu. Anayetaka kuyaelewa aanze na jinsi vitu hivyo vilivyofika Unguja, kisha aulize vilitokaje majumbani.

Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, katika miaka ya 1830 na 1840, bandari ya mji ilikuwa tayari inavuta majahazi ya pepo za kaskazi na kusi. Karafuu na pembe za ndovu ziliwavuta na wengine. Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wao, Richard Waters wa Salem, akaja kukaa mjini. Walileta nguo nyeupe ambayo hadi leo tunaiita merikani, wakaondoka na pembe ambazo viwanda vya Connecticut vilizigeuza vichana na vipande vya kinanda. Wahindi wa Kachi na Gujarati walileta mbao zilizochongwa, vitanda vya samadari na makasha. Kutoka Bara Hindi, Uajemi na China vilikuja vyombo vya shaba, mazulia na kaure.

Nyumba ya mwenye uwezo ilikuwa na zidaka ukutani, na zidaka zilitaka kupambwa. Ndiyo maana sahani ni miongoni mwa vitu vinavyopatikana kwa wingi katika maduka ya leo. Ichukue moja yenye maua mekundu na ya buluu, igeuze. Wengi hutarajia maandishi ya Kichina. Mara nyingi utakuta jina la Petrus Regout na mji wa Maastricht, pengine na chapa ya sanamu ya sphinx. Sahani hiyo imetoka Uholanzi, katika kiwanda cha karne ya 19 kilichosoma vizuri soko la pwani yetu na kutengeneza mabakuli na sahani za rangi zilizopendwa huku. Bibi aliyeitundika ukutani hakuhitaji kuijua Maastricht. Kwake ilikuwa sahani ya arusi, au ya mama, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuilia wali.

Kasha nalo lina mengi ya kusema. Kasha zuri la zamani ni la msaji, limepigwa njumu na mabamba ya shaba kwa mapambo yaliyokatwa kwa mkono, na chini lina droo, aghalabu tatu. Ukiinua kifuniko, upande mmoja kuna kisanduku kidogo cha ndani, na chini yake huwa pamefichwa mahali pa siri pa kuwekea dhahabu na karatasi za nyumba. Muuzaji mzoefu hakuonyeshi siri hiyo mapema. Anakuacha ulizunguke kasha na kulipapasa, kisha anateleza kibao kwa kidole kimoja. Hapo bei hupanda. Ukimwuliza, "Mzee, hili lilikuwa la nani?" jibu lake ni la kila siku: "La watu wa hapa hapa mjini, mwanangu."

Vitu hivyo vilianza kutoka majumbani lini? Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliishambulia kasri ya sultani kwa muda usiotimia saa moja, na Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kifalme, haikufaa tena. Lakini hilo lilikuwa pigo la kasri, si la mtaa. Mtaa ulitikiswa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Familia nyingi za Kiarabu na za Kihindi ziliondoka, nyingine kwa haraka ya siku chache, na mwenye kukimbia hachukui kasha la msaji. Nyumba nyingi zilitaifishwa na kupewa wakaazi wapya. Kasri ya mwisho ya masultani pale Forodhani ikaitwa Jumba la Wananchi, na leo ni makumbusho.

Waliobaki nao hawakuwa na raha ya kutunza ya kale. Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 chakula kilipatikana kwa foleni na bidhaa za dukani zilikuwa haba. Nyumba iliyokuwa na madele matatu ya shaba ikabaki na moja. Waliofika Maskati baada ya Sultan Qaboos wa Oman kushika utawala mwaka 1970 na kufungua milango, na waliotulia Uingereza au Dar es Salaam, waliacha jamaa nyuma, na jamaa hao waliuza kidogo kidogo. Dalali akipita alikuwa anajua mlango wa kubisha.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya biashara. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwa sababu nyumba zilikuwa zinaanguka, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wakaongezeka, na hoteli zikafunguliwa ndani ya majumba ya zamani. Mmarekani Emerson Skeens ni mmoja wa walioanzisha mtindo huo, na miongoni mwa nyumba zilizogeuzwa hoteli ni ile ya Hurumzi iliyohusishwa na tajiri Tharia Topan. Kila chumba kilitaka samadari, kila ukumbi ulitaka kasha. Vilivyokuwa vikorokoro vya stoo vikawa mali.

Mahitaji yalipozidi vilivyopo, mafundi wakaingia kazini. Wapo wanaotengeneza makasha mapya mazuri na kuyauza kama makasha mapya, na hao tuwape heshima yao. Wapo pia wanaoyazeesha kwa rangi na moshi, wakawauzia wageni umri ambao hayana. Kasha lililotumika kweli hulika panaposhikwa: pembe za kifuniko, vishikio vya droo, chini kwenye miguu. Lililozeeshwa huchakaa kila mahali sawasawa.

Wapo wakusanyaji wasioshughulika na mbao kabisa. Wa sarafu hutafuta pesa ya shaba ya Seyyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani upande mmoja, na riale za fedha za Maria Theresa zilizogandishwa na tarehe ya 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baadaye. Noti za rupia za Zanzibar, zilizotolewa kuanzia 1908 na kuondolewa mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia, ni adimu mno, kwa kuwa watu walizirudisha benki kubadilishiwa. Wa muziki huulizia santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 na sauti yake ikasikika pwani nzima. Wa picha huanzia Barabara ya Kenyatta, kwenye studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe. Picha za studio kama hiyo zina tarehe, zina mahali, na mara nyingi zina majina. Ndiyo tofauti yake na zile picha za harusi za dukani.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu. Kitu cha kale kisicho na habari zake ni bidhaa tu. Ukijua kasha limetoka nyumba gani, lilikuja na bibi harusi yupi na lilitoka mwaka gani, limekuwa ushahidi wa historia ya mji ambayo haikuandikwa kwingine. Kwa miaka 60 mji umehamishwa kipande kwa kipande kupitia maduka haya, na wenye maduka ndio pekee waliouona msafara wote. Wachache kati yao waliandika.

Watu hudhani wenye maduka wanaficha habari hizo kwa ajili ya biashara. Ni kweli kwamba mwenye duka hataki mshindani ajue anakopata mali. Lakini sababu kubwa zaidi ni sitara. Familia iliyomuuzia dele la bibi ili ilipe ada ya skuli haikutaka majirani wajue. Vitu vilitoka usiku, vimefunikwa kanga, na dalali alikula yamini ya kunyamaza. Ahadi ya namna hiyo ina heshima yake, na mji wetu umeishi kwa kusitiriana. Tatizo ni kwamba dalali akifariki, siri na historia huzikwa pamoja.

Sheria haiwezi kutatua hilo peke yake. Inasaidia kwa mlango wa asili, ambao haung'olewi bila idhini ya Mamlaka, na kwa viti vya enzi vilivyopambwa kwa pembe, kwa kuwa tangu biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku mwaka 1989 haviwezi kuvuka mipaka kiholela. Makumbusho nayo yana udhaifu wake, kama lilivyotuonyesha jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib lilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu akumbuke.

Kinachowezekana ni kidogo na hakina gharama. Mwenye duka anunue daftari. Kila kitu kinachoingia akiandikie mistari mitatu: kimetoka mtaa gani, kilitumika kwa nini, kimeuzwa mwaka gani. Jina la familia aliache wazi ikiwa ameahidi, au aliandike kwenye ukurasa wa kufungwa hadi wahusika wapite. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndipo mahali pa kuyapeleka madaftari hayo baadaye, na vijana wa chuo wakitumwa kuwasikiliza wazee wa Gizenga na Hurumzi watapata zaidi ya wanayoyatarajia.

Nawe msomaji, ukinunua hata mrashi mmoja, usiridhike na bei. Uliza ulikotoka, andika jibu kwenye karatasi, uiweke ndani yake. Na kama kwenu bado lipo kasha la bibi, muulize habari zake leo, kabla ya mnunuzi kuja na pesa.