Picha Juu ya Picha

Katika mwaka 1900 Mfaransa mmoja, Georges Méliès, alitengeneza sinema fupi mno. Ndani yake waonekana wanamuziki saba, wenye viti saba vilivyopangwa safu moja, wakipiga muziki pamoja. Wote saba wana uso mmoja, nao ni uso wa Méliès mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kiinimacho. Tangu mwaka 1888 alikuwa mwenye Théâtre Robert-Houdin, nyumba ya mazingaombwe mjini Paris. Lakini siri ya sinema ile haikuwa uchawi. Filamu hupokea mwanga. Pasipofikiwa na mwanga hubaki vile vile, tayari kupokea picha nyingine. Mpiga picha mzembe aliyesahau kusogeza filamu yake alipata sura mbili zilizochanganyikana, akaitupa kwa hasira. Méliès aliligeuza kosa hilo kuwa ufundi. Alisimama penye giza nyuma yake, akapigwa picha akicheza sehemu moja. Kisha filamu ikarudishwa mwanzo ndani ya kamera, naye akacheza sehemu ya pili mahali pengine. Ndivyo alivyofanya mpaka ya saba.

Hebu fikiri, msomaji, ugumu wa kazi hiyo. Katika zamu ya saba ilimpasa akumbuke kila alilofanya katika zamu sita zilizotangulia, na saa ya kulifanya, wala hakuweza kuziona. Mkono ukichelewa kidogo, au filamu ikipasuka, zote saba zimepotea, na kazi yaanza upya.

Baadaye mafundi wa Hollywood walitumia mashine ya kunakili filamu, wakaunganisha picha zilizopigwa mbalimbali. Hatari ilipungua, ila kila nakala ilififia kuliko iliyotangulia.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa wakifanya kazi Lucasfilm, walitangaza kanuni zao za kupandanisha picha. Kila nukta ya picha hupewa tarakimu nne: tatu ni za rangi nyekundu, kijani na buluu, na ya nne huonyesha nukta hiyo yafunika kiasi gani kilicho chini yake. Ikiwa ni sifuri, haionekani kabisa. Ikiwa ni nusu, rangi huchanganywa nusu kwa nusu. Basi giza la Méliès likawa tarakimu.

Leo mhariri huweka matabaka ishirini, na moja likikosewa hulitengeneza peke yake. Lakini hesabu hiyo haina budi kufanywa kwa kila nukta. Picha yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha 1,080 ina nukta 2,073,600. Sinema yenye picha 24 kwa sekunde yahitaji picha 1,440 kwa dakika moja. Hizo ni nukta karibu bilioni tatu, na kila tabaka laongeza hesabu yake. Kazi hii huitwa kurenda, nami nimesikia wanafunzi wakinung'unika kwa kungojea robo saa!

Méliès alifilisika. Mwaka 1923 aliziteketeza filamu zake za asili kwa moto, kisha akauza vichezeo kwa miaka kadhaa katika stesheni ya Montparnasse. Sinema ya wale saba ingalipo, kwa kuwa nakala zake zilikwisha kuuzwa mbali.