Komeo la Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wangu hapa Eindhoven ni fundi wa baiskeli za mizigo, zile zenye sanduku mbele ambazo Waholanzi hupakia watoto na viazi pamoja. Karakana yake iko chini, chumba changu kiko juu, na kodi yangu hupungua kidogo kila ninapomsaidia kazi za makaratasi. Jioni moja ya Februari alipanda ngazi akiwa na komeo la chuma mkononi. Ni kitu kidogo, cha kushika sanduku kwenye fremu ya baiskeli, na hufunguka kwa kidole kimoja. Alilibuni mwenyewe. Sasa alikuwa ameona kampuni kubwa kuliko yake ikiuza komeo linalofanana nalo mno.

"Wewe unasoma historia," akaniambia. "Umezoea kusoma mambo marefu."

Aliniletea kurasa za maelekezo ya hataza. Nilimuuliza swali moja tu, ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi kwa ajili ya tasnifu yangu: nani ameshaliona? Akajibu kwa fahari kwamba wengi wameliona. Juni iliyopita aliweka video mtandaoni, kisha akalipeleka kwenye maonyesho ya baiskeli.

Basi hataza ilikuwa imekwisha kabla hatujaanza. Sheria ya Ulaya inataka uvumbuzi uwe mpya siku ombi linapowasilishwa, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani humpa mtu mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ulaya haimpi, isipokuwa katika mazingira machache sana. Mzee wa watu alikuwa amejiibia mwenyewe, tena kwa simu yake.

Nilishuka naye karakanani na tukakaa hadi usiku. Ninayoandika hapa ni mchanganyiko wa niliyomweleza usiku ule na ambayo sikumweleza, kwa kuwa yangemchosha.

Wanahistoria hupenda kuanzia Venice, Machi 1474, pale baraza la mji lilipotunga sheria ya kumlinda aliyeleta kifaa kipya kwa miaka 10. Aliyemwigiza alitozwa dukati 100, na kifaa chake kikavunjwa. Ni sheria fupi na nzuri, na kila kitabu huitaja. Mimi huvutiwa zaidi na Uingereza ya karne ya 19, kwa sababu pale ndipo bei ya mlangoni inapoonekana waziwazi. Mwaka 1850 Charles Dickens alichapisha hadithi ya mhunzi mzee anayekwenda London kulinda mashine yake. Anazungushwa ofisi baada ya ofisi, hatua zaidi ya 30, na kila dawati lina ada yake. Mwishoni amelipa pauni 96, shilingi 7 na peni 8, na hiyo ni kwa England peke yake. Ni hadithi ya kubuni, lakini wasomaji wa wakati ule waliitambua mara moja.

Miaka miwili baadaye Bunge lilibadilisha utaratibu. Ikawa ofisi moja, na ada ya kuanzia pauni 25. Watu husifu mageuzi hayo, nami ninayasifu nusu tu, kwa sababu baada ya hapo zilifuata pauni 50 kabla ya mwaka wa tatu kwisha na 100 kabla ya wa saba. Mlango ulipanuliwa, lakini ndani kukawekwa milango mingine. Sheria ya 1883 ndiyo iliyoshusha ada ya kuanzia hadi pauni 4, na maombi yaliyokuwa kama 6,000 kwa mwaka yakaruka hadi zaidi ya 17,000 mwaka 1884. Siamini kwamba Waingereza waliamka mwaka ule wakiwa werevu mara tatu. Mawazo yalikuwepo, ila yalikuwa yamekaa nje yakihesabu senti.

Uholanzi ilichukua njia nyingine, na ndiyo iliyonileta huku kusoma. Julai 1869 nchi hii ilifuta hataza kabisa. Sheria yake ya 1817 ilikuwa mbovu, hataza nyingi zilishikwa na wageni, na wanasiasa wa soko huria waliona hakuna sababu ya kuendelea kuilea. Kwa miaka 43, hadi 1912, mtu aliyekuwa Uholanzi angeweza kutengeneza hapa chochote kilichovumbuliwa popote bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Mwaka ule ule wa 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alipata hataza ya majarini huko Ufaransa. Miaka miwili baadaye familia ya Jurgens, wafanyabiashara wa siagi wa mji wa Oss, walianza kuitengeneza. Majirani zao, Van den Bergh, wakafuata. Zilikuwa biashara za kifamilia katika mji mdogo, si mbali na karakana tuliyokaa. Mwaka 1927 zikaungana, kisha zikajiunga na Lever Brothers wa Uingereza, na hapo ndipo ilipozaliwa Unilever. Kama umesoma shule ya bweni Afrika Mashariki unaijua sehemu ya mwisho ya hadithi hii, maana kwa miongo mingi jina la Blue Band lilikuwa mali ya kampuni hiyo. Mkebe wangu niliuficha chini ya nguo sandukuni. Sikujua kwamba nyuma ya mkebe ule kulikuwa na wafanyabiashara wawili wa siagi na nchi isiyo na sheria.

Hapa Eindhoven kwenyewe, mwaka 1891, Gerard Philips na baba yake Frederik walianzisha kiwanda cha taa za umeme. Edison na Swan walikuwa na hataza zao kwingine, lakini katika ardhi hii hazikuwa na nguvu. Nchi nyingine zililalamika, hasa kwa kuwa Uholanzi ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mkataba wa Paris wa 1883 wa kulinda mali ya viwanda, huku nyumbani haina hataza hata moja ya kulinda. Hatimaye ikatunga sheria mpya, iliyoanza kutumika 1912. Miaka miwili baadaye Philips ikafungua maabara yake ya utafiti. Leo ni miongoni mwa kampuni zinazowasilisha maombi mengi zaidi katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya.

Kuna wanaolisoma jambo hili kama unafiki mtupu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilijaa hasira hiyo hadi msimamizi wangu akaandika pembeni: "Na mdogo wa leo afanye nini?" Sikuwa na jibu. Mdogo wa leo alikuwa anaishi chini ya sakafu yangu. Hawezi kuigiza kama Jurgens, kwa sababu nchi zote zinazomzunguka zina sheria, na yeye mwenyewe hana la kumzuia anayemwigiza.

Turudi kwenye komeo. Hataza ilikuwa imepotea, lakini sheria ya Ulaya ina mlango mwingine, wa umbo la bidhaa, na huo unampa mbunifu miezi 12 tangu alipolionyesha mara ya kwanza. Alikuwa amebakiwa na minne. Zaidi ya hapo, umbo lililoonyeshwa hadharani ndani ya Umoja wa Ulaya hulindwa miaka mitatu dhidi ya kuigizwa hata bila usajili. Video iliyoua hataza ndiyo iliyokuwa cheti cha kuzaliwa cha umbo. Nilimkuta yuko karibu kuifuta kwa hasira, nikamsihi asiiguse, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake wa tarehe.

Tatizo ni kwamba umbo linalotokana na kazi ya kifaa peke yake halilindwi. Nilimuuliza kwa nini ncha ya komeo imepinda kama mdomo wa bata. Akaona haya kidogo. Haina kazi yoyote, akasema, aliipinda tu kwa sababu ilimpendeza. Pindo hilo lisilo na kazi ndilo tulilokuwa na matumaini ya kulisajili.

Kisha ikaja fedha. Usajili wa umbo moja katika ofisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante, Hispania, ulikuwa euro 350. Tangu 2021 ofisi hiyo na Kamisheni ya Ulaya zina mfuko wa vocha kwa biashara zenye wafanyakazi chini ya 250, na vocha ya maumbo hurudisha asilimia 75 ya ada. Yeye ana wafanyakazi wawili. Alishatoa kadi ya benki mfukoni. Nikamshika mkono, kwa kuwa mpangilio ndio kila kitu: unaomba vocha kwanza, unasubiri jibu, ndipo unalipa na kusajili, ndipo unarudishiwa. Ukilipa kabla, umelipa. Na mfuko ni wa anayewahi, fedha zikiisha zimeisha. Nilimkumbuka mhunzi wa Dickens na madawati yake. Bei imeshuka sana, ila mzunguko haujafutika.

Nilimweleza pia kwamba cheti hakipigani chenyewe. Mandy Haberman, Mwingereza aliyebuni kikombe cha mtoto kisichomwaga, alilazimika kwenda mahakamani London dhidi ya kampuni iliyouza kinachofanana nacho. Walidai wazo lake ni rahisi mno kustahili hataza. Mwaka 1999 alishinda, na jaji aliona kwamba kama lilikuwa rahisi kiasi hicho, ni ajabu wote waliokuwa kwenye biashara hiyo hawakuliona kwa miaka.

"Alikuwa na fedha za mawakili?" akauliza.

"Alikubali kuhatarisha alichokuwa nacho."

Akanyamaza. Tukaomba vocha usiku ule ule, kwenye kompyuta iliyojaa grisi. Akachukua chaki, akaandika ukutani, juu ya jiliwa, tarehe ya Juni ambayo miezi yake 12 ingekwisha. Nilipokuwa napanda ngazi akaniita.

"Philips walimlipa Edison chochote?"

"Mwanzoni, hapa nyumbani? Hapana."

Akacheka hadi akakohoa, akazima taa ya karakana.