Ekra ya OLED na Gunia ya Mahindi: Adui ni Mmoja

Telefone zingine tunazoshika hapa Bunia ziko na ekra ya OLED. Mimi ni mtu wa agronomia, lakini historia ya ekra hii inanigusa, juu inaanzia kwa shida tunayoijua vizuri: unyevu.

Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak, kule Marekani, walitangaza tabaka nyembamba za kemikali za kaboni zinazotoa mwangaza zikipita umeme. Lakini maji kidogo na oksijeni kidogo vinaziharibu: madoa meusi yanatokea, yanapanuka, ekra inakufa. Kipimo ambacho mafundi walijiwekea ni kikali: mvuke wa maji usizidi gramu 1 kwa meta ya mraba 1 katika siku milioni 1. Plastiki ya kawaida haikaribie hapo hata kidogo.

Dawa ya kwanza ilikuwa kifuniko kigumu, gundi pembeni, na ndani kitu cha kunyonya unyevu. Mwaka 1997 Pioneer ya Japani ikauza redio za gari zenye OLED. Lakini kifuniko kigumu hakipindiki. Ndipo kampuni Vitex Systems ya Marekani ikapanga tabaka ya madini, tabaka ya plastiki, tena madini, tena plastiki. Tabaka ya madini iko na vitundu vidogo sana, lakini vya huku na vya kule havilingane. Ni kama nyasi za paa: mvua inapotea njia. Samsung ya Korea ikanunua hati za ufundi ule, na mwaka 2013 Samsung na LG wakatoa telefone za ekra ya kupinda.

Na Kodak? Mwisho wa 2009 iliuza kazi yake ya OLED kwa LG. Aliyevumbua mwangaza hakubaki na soko.

Mwisho wa miaka ileile ya 1980, watafiti wa chuo cha Purdue walikuwa Kameruni juu ya kunde. Kazi ile ilizaa mfuko wa PICS: plastiki mbili ndani, gunia inje. Wadudu wanamaliza oksijeni, wanakufa. Ila mbegu lazima ikauke kwanza, la sivyo inaoza ndani.

Sisi tunaongeaka sana juu ya mbegu na mbolea. Lakini mkulima wa Ituri anayeogopa wadudu anauza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu ananunua tena ikipanda. Kati yetu, nani ataandika mémoire yake juu ya kuhifadhi?