Kishingo

Kishingo ni kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni, anayefugwa Tanzania na katika nchi nyingine nyingi za joto. Upara huo si ugonjwa, ingawa asiyemjua hudhani kanyonyolewa. Ni sifa ya kurithi.

Chanzo chake ni badiliko moja la kijenetiki, liitwalo Na, katika kromosomu ya 3. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walieleza kuwa kipande cha DNA kutoka kromosomu ya 1 kimejipachika hapo na kuzidisha utengenezaji wa protini ya BMP12, inayozuia manyoya kuota. Shingo huathirika zaidi kwa sababu ngozi yake hutoa asidi ya retinoiki, inayoongeza nguvu ya protini hiyo.

Mwenye nakala moja ya badiliko hilo hubaki na kishungi mbele ya shingo na hupungukiwa manyoya kwa takriban asilimia 20. Mwenye mbili, asilimia 40. Jogoo na tetea wenye nakala moja moja huweza kupata kifaranga mwenye shingo ya kawaida, kwa uwezekano wa robo.

Katika joto la pwani, kama la Zinga wilayani Bagamoyo, kishingo hupoza mwili upesi. Penye baridi huhitaji chakula zaidi.