Ratiba ya Vipindi Kandokando ya Ziwa Victoria

Ratiba ya vipindi inayobandikwa ukutani mwa darasa la kwanza huonekana karatasi ya kawaida: siku tano, saa, majina ya masomo. Mwanza na katika vijiji vinavyopakana na Ziwa Victoria, ratiba hiyo imebadilishwa mara nyingi tangu karne ya 19, na kila badiliko lilitoka kwa mtu aliyekuwa na haja yake kwa mtoto. Mmoja alitaka msomaji wa katekisimu, mwingine karani, mwingine mkulima wa pamba, mwingine mwananchi wa kijiji cha ujamaa. Haja hizo zilipishana, na pengine zilirundikana, ndani ya saa zilezile chache.

Kabla ya shule, mtoto wa Kisukuma, Kikerewe, Kikara au Kijita alifundishwa kwa majira, si kwa wiki: wakati wa kupanda, wa kupalilia, wa kuvuna. Wavulana wa Kisukuma walichunga mifugo tangu wadogo, na jioni walikaa kwenye shikome, moto wa uani ambako wazee walisimulia, walitega vitendawili na kukosoa tabia. Ukara, kisiwa chenye watu wengi na ardhi finyu, mtoto alizoea mapema kukata majani ya ng'ombe waliofungiwa ndani na kubeba samadi shambani. Elimu ya namna hii imeandikwa kwa kirefu na Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896 na kusoma katika misheni ya Kagunguli na seminari ya Rubya. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilitoka 1980. Anayetaka kujua mtoto wa Ukerewe alifundwa nini kabla ya kengele ya shule hatapata kitabu bora kuliko hicho, ingawa mwandishi wake alikuwa zao la shule ya misheni.

Wamisionari wa Kiprotestanti wa Church Missionary Society walifika Kagehi, upande wa kusini wa ziwa, mwaka 1877. Mapadre Weupe, wa Kikatoliki, waliwafuata na kwenda Buganda, na walipoondoka huko mwishoni mwa 1882 walivuka ziwa pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza wa leo. Watoto hao ni miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa darasa katika eneo hili. Wiki yao ilipimwa kwa Jumapili. Siku za kazi walikariri katekisimu, sala na nyimbo, walijifunza herufi, na muda uliobaki ulikuwa wa bustani na ujenzi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, alitaka mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, kwa hiyo mafundisho hayakuwa na haraka. Waprotestanti wa Nassa, kituo ambacho mwaka 1909 kilipita mikononi mwa Africa Inland Mission, waliweka mkazo mahali pengine kidogo: kila muumini ajisomee Biblia mwenyewe. Kwa pande zote mbili kusoma kulikuwa mlango wa dini, na hesabu ilikuja nyuma.

Serikali ya Kijerumani ilihitaji kitu kingine. Shule zake, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, zilifundisha kwa Kiswahili na bila dini, zikilenga kutoa makarani, wakalimani na maakida watakaojaza vitabu vya boma. Kwa watoto wengi wa kandokando ya ziwa, hata hivyo, darasa liliendelea kuwa la misheni hadi Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916.

Chini ya Waingereza ndipo ratiba ilipoanza kufanana kutoka shule hadi shule. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata serikali ya London ikatoa waraka wa sera uliosema kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake. Sheria ya Elimu ya 1927 iliahidi ruzuku kwa shule za misheni zitakazokubali ukaguzi na muhtasari wa serikali. Misheni iliyotaka ruzuku ililazimika kupanga saa za hesabu, kuandika, usafi na kazi za mikono sambamba na katekisimu. Gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu tangu 1923, liliwapa waliojua kusoma kitu cha kusoma baada ya darasa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasanifisha Kiswahili cha vitabu vya shule.

Shule ya Mwisenge mjini Musoma yaonyesha vizuri mpango huo. Ilikuwa shule ya utawala wa wenyeji, ya bweni, yenye kozi ya miaka minne. Mwaka 1934 alifika hapo mvulana wa Kizanaki kutoka Butiama, umbali wa kilometa 40 hivi, akiwa na umri wa miaka 12 na bila kujua Kiswahili. Lugha ya darasa ilimbidi aipate kwanza ndipo ayapate masomo yenyewe, jambo lililowakuta watoto wengi wa bara wakati huo. Julius Nyerere aliimaliza kozi kwa miaka mitatu, akaenda Tabora mwaka 1937. Miaka 30 baadaye ni yeye aliyeondoa kizingiti kimoja cha lugha na kuweka jembe kwenye ratiba kwa sababu zake mwenyewe.

Jembe, kwa kweli, lilikuwa limeshaingia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Usukuma uliwekewa mpango mkubwa wa maendeleo ulioanza 1947, wenye amri za kulima matuta, kutumia samadi na kupunguza mifugo. Shule za kati, za darasa la tano hadi la nane, zilizoenea katika miaka ya 1950, zilipewa mwelekeo wa kilimo, na kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru kilikuwa mlangoni mwa Mwanza. Wazazi wengi hawakufurahia. Mtoto alipelekwa shule ili aachane na jembe, naye akarudishwa shambani akiwa na sare. Ugomvi huo haukuisha pamoja na ukoloni.

Hadi uhuru, watoto wa Mwanza walitenganishwa kwa rangi: shule za Waafrika, za Waasia, za Wazungu, kila moja na muhtasari wake. Mfumo mmoja ulianza Januari 1962. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Nyerere, akiwa Rais, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma huku Kiingereza kikibaki somo. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitaifisha shule za misheni. Dini haikufutwa, ilipunguzwa ikawa kipindi, na mpaka leo kipindi hicho huwagawa watoto wa darasa moja, Wakristo chumba hiki, Waislamu kile.

Wiki ya Elimu ya Kujitegemea inakumbukwa na karibu kila aliyesoma kanda ya ziwa katika miaka ya 1970. Alfajiri mtoto alitoka nyumbani na kidumu cha maji na mfagio. Kulikuwa na mchakamchaka na nyimbo zake, kufagia eneo la darasa, gwaride, kukaguliwa kucha na sare, ndipo vipindi vya Kiswahili, Hisabati, Siasa, Sayansi, Kilimo. Mchana walikwenda shamba la shule, kwenye pamba, mihogo au mahindi, na mavuno yalisaidia kulipia mahitaji ya shule. Waraka ulitaka shamba liwe darasa: watoto wapange, wapime, wahesabu faida na hasara. Mahali pengi lilibaki kazi tu, na pengine adhabu ya wachelewaji, na hapo ndipo wazo zuri lilipoharibikia.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 1968 Mwanza ilifanywa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, ulioungwa mkono na UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vyake vilitungwa kufuata kazi za wasomaji: pamba, migomba, ufugaji, maarifa ya nyumbani, siasa, na uvuvi. Mvuvi wa Ukerewe aliyekosa shule alijifunza herufi kupitia nyavu na samaki. Mwanawe, kwenye ratiba ya shule ya msingi, alikuta Kilimo lakini hakukuta somo la uvuvi. Si ajabu kwamba sangara walipogeuka biashara kubwa na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza katika miaka ya 1990, walimu wa visiwani walilalamika kupoteza wavulana kwenye mialo. Kule ziwa lilikuwa linafundisha bila ratiba na kulipa siku hiyohiyo.

Ilikuwa Musoma tena ambako chama tawala, TANU, Novemba 1974, iliamua kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe ifikapo 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa. Ada ilikuwa imefutwa 1973, pamoja na mchujo wa darasa la nne uliokuwa ukiwarudisha wengi nyumbani. Walimu waliopatikana haraka, walioitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, walifundishwa kazi wakiwa kazini, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba tu. Madarasa yalifurika, zamu mbili zikaanza, na wiki ya mtoto ikapunguzwa nusu bila mtu kutamka hivyo.

Baada ya hapo ratiba ilibadilishwa zaidi kwa majina. Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii katika miaka ya 1990, vikatenganishwa na mtaala wa 2005 ulioleta pia Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, vikaunganishwa upya kwa sehemu mtaala wa 2015 ulipoanza. Kaka aliyetaka kumrithisha mdogo wake daftari aligundua kwamba somo lenyewe halipo tena. Badiliko lenye maana zaidi la 2015 lilihusu wadogo kabisa: darasa la kwanza na la pili wakomee hasa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK, baada ya kuonekana kwamba watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kuweza kusoma. Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, na vyumba vikajaa tena kama wakati wa UPE.

Ratiba ya ukutani huonyesha siku, saa na majina ya masomo tu. Yanayofundishwa kila wiki yamo katika azimio la kazi, jedwali ambalo mwalimu hulichora kabla ya muhula akigawa muhtasari kwa mwezi, wiki na vipindi, na kuacha safu ya maoni mwishoni. Kwa darasa la kwanza huanza na matamshi ya sauti, kisha irabu, kisha konsonanti na silabi. Kila wiki huwa pia na mwalimu wa zamu anayesimamia kengele, usafi na gwaride, kisha humkabidhi mwenzake.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Kiingereza kimerudishwa darasa la kwanza, Historia ya Tanzania na Maadili imekuwa somo kuanzia la tatu, na elimu ya msingi imepunguzwa kuwa miaka sita. Kwa mpango huo, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza shule pamoja.