Deni la Milango Minne

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya pwani. Tulimpa fundi mmoja mzee kazi ya milango minne ya madarasa, akaitengeneza na kuitia wakati wa kiangazi. Masika yalipoanza ikavimba, ikawa haifungiki. Nikamwita, nikamtaka airande.

“Subiri, Mwalimu,” akaniambia. “Ubao umekunywa maji. Jua likirudi utayatoa.”

Sikusubiri. Akairanda. Kiangazi kilipofika, kila mlango ukaacha upenyo wa kuingiza kidole. Nikasema kazi ni mbovu, nikamzuilia salio la malipo yake. Hakubishana nami. Alikusanya vyombo vyake akaondoka.

Mwaka huo huo nilikuwa nikifundisha historia ya pwani. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinautaja mji wa Rhapta, uliopata jina hilo kutokana na mashua zake za kushonwa. Na kwamba watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo visivyo na misumari. Wanafunzi walikariri jina la mtepe na kamba zake za makumbi ya nazi. Hakuna aliyeuliza chombo cha kushonwa kilizuiaje maji, wala mimi sikujiuliza.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipotazama jahazi likishushwa majini baada ya kukaa juani muda mrefu. Maji yalipenya katika maungio, mabaharia wakawa wanayafua. Nikadhani litazama. Nahodha akacheka, akasema ziachwe mbao zinywe kwanza.

Kumbe nyuzi za mti hunyonya unyevu na kuutoa hata baada ya mti kukatwa. Ubao ukilowa hutanuka kwa upana na unene. Urefu haubadiliki sana. Kwa hiyo mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu husongana, na maungio yakabanika. Katika jahazi, pamba ya kalafati iliyotiwa mafuta huziba mianya iliyobaki. Katika mtepe, kamba zilikuwa na ulegevu wa kuufuata mwendo wa mbao. Waundaji wa vyombo waliujua mwendo huo, wakaupangia nafasi tangu mwanzo.

Hapo nikamkumbuka fundi wangu, ambaye ujanani alikuwa muundaji wa majahazi. Ndani ya darasa nilifundisha historia ya watu wa kazi yake. Nje ya darasa nilimnyima ujira wake.

Nilipokwenda kumtafuta, nikaambiwa amekwisha fariki. Nikawapa watoto wake zile fedha, nikiongeza kiasi kwa miaka iliyopita. Mkubwa wao aliniuliza ni fedha za nini. Nikamwambia ni za milango minne, na kwamba baba yake hakuwa amekosea.